Kuwajua Swani kwa Sauti

Watu wengi niliokaa nao Maryland miaka ile ya mwisho ya tisini, ukiwauliza wanakumbuka nini, watakutajia baridi, foleni za magari na kazi mbili zilizofuatana bila nafasi ya kulala. Hayo yote niliyaonja. Lakini mtu akiniuliza leo nilifanya kazi gani Marekani, sianzi na kupika uji wa wazee na kupanga dawa zao, ingawa niliifanya kazi hiyo kwa miaka na sikuionea haya. Mimi husema kwanza kwamba nilikuwa masikio ya mwindaji. Anayetaka kucheka na acheke, nimeshazoea.

Nilikuwa naishi Riverdale Park, chumba kimoja na dada wa Tanga aliyekuwa mpishi katika nyumba ya ofisa wa ubalozi. Asubuhi nilipanda basi hadi College Park, nikashuka karibu na chuo kikuu, nikatembea hadi nyumba ya matofali mekundu ya mzee mmoja mgane. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa imeniambia ni mtu mtulivu, ana presha, goti moja bovu na masikio mabaya. Habari za bunduki hawakunipa.

Nilizikuta mwenyewe siku ya kwanza, nilipofungua kabati la ukumbini kutafuta ufagio. Zilikuwa zimesimama humo zimepakwa mafuta, safi kuliko vyombo vya jikoni. Ukutani kulikuwa na picha zake za miaka ya nyuma, katika kila moja amemshika ndege mkubwa mweupe kwa shingo. Sasa, mimi ni mtoto wa Kenya. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku nikiwa bado mdogo, na mtu mwenye bunduki na mnyama aliyekufa tunamwita kwa jina moja tu, jangili. Nilifunga kabati polepole, nikaenda kupika chakula cha mchana huku nikiwaza kwamba nimetoka Nandi nikavuka bahari ili nije kumpikia jangili.

Wiki hiyohiyo nilimuuliza, maana kitu kikinikaa kooni mimi sikimezi. Kumuuliza kulikuwa na utaratibu wake. Ilibidi nisimame mbele yake, uso kwa uso, kwenye mwanga, kwa sababu alisoma midomo zaidi ya kusikia. Ukimpa kisogo umemnyima maneno. Akacheka sana, kisha akanivutia kiti akanieleza.

Huko Virginia, alisema, jimbo hutoa vibali vya kuwinda ndege hawa kwa kura. Ukibahatika unapata kibali cha ndege mmoja kwa msimu mzima. Ukishampiga unamfunga lebo mguuni, unatoa taarifa, unarudi nyumbani kungoja kura ya mwaka mwingine. Maryland yetu haikuruhusu hata huyo mmoja. Nilimuuliza kama anaendesha gari siku nzima, analala kwenye baridi na kuchutama kwenye matope kwa ajili ya bata mmoja. Akasema ndiyo, na miaka mingine bila hata huyo mmoja.

Ndege wenyewe kwetu hawapo. Huko wanaitwa swani, ni bata maji mkubwa mweupe mwenye shingo ndefu, na akitandaza mabawa anapita urefu wa mtu mzima. Wako wa aina tatu wanaofanana, na hapo ndipo penye shughuli. Yule anayeruhusiwa hutoka kaskazini kabisa, kwenye tundra kusikoota miti, na kuja kukaa Maryland na Virginia majira ya baridi. Wa pili wanamwita tarumbeta. Huyo alikuwa amekwisha upande wote wa mashariki, na miaka ile watafiti walikuwa wakijaribu kumrudisha, wakiwafundisha makinda njia ya kwenda kusini kwa kuwaongoza na kindege kidogo cha injini. Kumpiga tarumbeta ilikuwa kuvunja sheria. Wa tatu ni yule wa kwenye mabwawa ya bustani, mwenye mdomo wa rangi ya chungwa na kinundu cheusi juu yake. Huyo hata mtoto anamjua.

Taabu iko kwa wale wawili wa kwanza. Wote ni weupe, wote wana mdomo mweusi. Wa tundra mara nyingi ana tone la njano mbele ya jicho, lakini si wote wanalo. Tarumbeta ana mdomo mrefu ulionyooka, na ule weusi unapanda hadi unalishika jicho. Ni mkubwa zaidi pia, lakini ndege akiwa peke yake angani, ukubwa wake utaulinganisha na nini? Akiwa mkononi unamjua mara moja, ila akiwa mkononi keshakufa. Akiwa hewani kinachomtambulisha kwa hakika ni sauti. Na mzee wangu, baada ya miaka mingi ya kulipua bunduki kando ya masikio yake mwenyewe, alikuwa amebaki na mngurumo tu, kama redio ya jirani ikisikika ukutani.

Zamani mkewe ndiye aliyekaa naye kibandani, pale wawindaji wanapojificha, akasikiliza. Tangu afariki, mzee alikuwa amekwenda Virginia misimu miwili bila kupiga risasi. Ndege walipita juu yake wazuri kabisa, naye akawaacha, kwa sababu hakuwa na hakika. Na hakuwa mwindaji wa hivihivi. Kila vuli, katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto cha watu wa kujitolea, yeye ndiye aliyewafundisha wawindaji wapya jinsi ya kuwatofautisha swani. Alikuwa na sheria yake mwenyewe, kwamba asiyeweza kuwatofautisha kwenye maji hana haki ya kuwafundisha wengine ukumbini.

Mwaka ule alipopata kibali tena, alimwita binti yake, mama wa makamo aliyeishi upande wa pili wa jiji, akamwambia huu ndio wa mwisho. Akishindwa tena kuwa na hakika, atauza bunduki, atawaambia watu wa ukumbini watafute mwalimu mwingine. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayezungumzia kuuza fanicha. Mimi nilikuwa nakausha vyombo pale pembeni, na niliona jinsi alivyokuwa akikunjakunja kitambaa cha meza. Binti yake akasema sawa baba, na kusema kweli alifurahi. Alikuwa amechoka kumwogopea.

Basi jioni moja nilikuwa nakata sukuma wiki nikiitia sufuriani motoni, mzee amekaa mezani na redio ya kaseti, sauti ameifungulia hadi vijiko vinatikisika. Ilikuwa kaseti ya sauti za ndege. Alikuwa ameegemeza kifaa chake cha sikio kwenye spika kabisa, akifunga macho, akirudisha, akisikiliza tena. Nikavumilia, nikavumilia, mwisho nikaweka kisu chini, nikaenda kusimama mbele yake. Nikamwambia kwamba yule anayelia mwishoni si mwenzao na wale wengine.

Akanitazama. Akarudisha kaseti, akaangalia karatasi iliyokuja nayo, akachezesha kipande kingine huku akifunika karatasi kwa mkono. Nikamwambia huyu ni kama wale wa mwanzo, huyu ni yule mgeni, hawa wamechanganyika. Tukaendelea hivyo hadi mboga ikaungua. Akaniuliza nimejifunzia wapi ndege. Nikamwambia ndege siwajui, ninachojua ni ng'ombe.

Na hapa mtaniruhusu nijisifu kidogo. Baba yangu alizaa wasichana watupu, na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo kuchunga kulikuwa kwangu wakati wasichana wenzangu wanateka maji. Malisho yetu yalipakana na msitu, na ukungu wa kwetu asubuhi ukishuka huoni hata mkono wako. Ng'ombe wanaingia msituni, wanapotea, wanachanganyika na wa jirani. Unachobaki nacho ni kengele za shingoni. Kila kengele ilifuliwa na mhunzi kwa mkono wake, na hakuna iliyolia kama nyingine. Nilisimama pale kwenye weupe ule, nikawahesabu wetu kwa masikio, nikajua nani yuko wapi, nani anakula na nani anakimbia. Sikuwahi kurudi nyumbani na ng'ombe wa mtu mwingine. Baba hakuwa mtu wa kusifu, ila nilimsikia akimwambia mgeni kwamba ana wavulana watatu ndani ya msichana mmoja.

Tangu jioni ile mzee alianza kunifunza kwa bidii. Tulishuka hadi Bladensburg, kando ya mto Anacostia, kuwasikiliza mabata bukini, maana hao wako kila mahali na ni vizuri kuwajua ili uwaondoe kwenye hesabu. Siku nyingine tulivuka daraja kubwa la ghuba, tukasimama kando ya shamba lililojaa swani wa tundra wakila mabaki ya mahindi. Sauti yao ni nyembamba, wengi kwa pamoja, kama kina mama wanaozungumza wote kwa wakati mmoja nje ya kanisa. Tarumbeta tulimsikia kwenye kaseti tu. Huyo sauti yake ni nzito, fupi, inatoka kifuani, sawa na honi ya lori kuukuu. Nilikosea pia, sitaficha. Kuna siku niliapa kundi la mbali ni swani wa tundra, wakaja wakatua, ni mabata bukini watupu. Mzee akanitania hadi tukafika nyumbani.

Kosa lililotutisha, hata hivyo, halikuwa la masikio. Lilikuwa la adabu.

Tulikuwa jikoni tukijizoeza. Yeye ameshika fimbo yake ya kutembelea kama bunduki, mimi pembeni yake, kaseti inalia. Kila sauti ikitoka ananigeukia na kuuliza kama apige. Ikaja ya tarumbeta. Akaniuliza, "Nipige?" Nikanyamaza, nikaangalia chini. Akainua fimbo akasema, "Bum." Kisha akaangalia karatasi yake na uso ukamsawijika. Akauliza kwa nini nimemwacha apige tarumbeta. Nikamwambia sikumwacha, nilimkatalia. Akasema hakuona nikimkatalia.

Ilitubidi tukae chini tulizungumze. Kwetu mtu wa umri wa baba yako akikuuliza jambo na jibu ni hapana, humtupii hapana usoni. Unanyamaza, unainamisha macho, naye mwenyewe anaelewa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mzee alinisikiliza kwa makini, akikodolea macho midomo yangu, akasema jambo ambalo sijalisahau.

"Ukinyamaza, mimi nasikia ndiyo. Nimekuwa kiziwi muda mrefu. Kimya ndicho ninachosikia siku nzima."

Tukapatana. Kibandani hatutasema, maana ndege wana masikio kuliko sisi. Nikimgusa mkono mara mbili, apige. Nikiukandamiza mkono wake chini, asipige. Na ikishindikana kabisa, niseme hapana kwa sauti, hata kama atakuwa rais wa nchi. Nilimwambia sawa, lakini neno lenyewe lilikataa kutoka. Nililijaribu nyumbani, bafuni, mbele ya kioo, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa Kinandi. Yule dada wa Tanga akagonga mlango.

"We dada, humo ndani wagombana na nani?"

"Na-practice kumwambia mzee no."

Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, huyo mzee ananitaka nini hata nihitaji kufanya mazoezi. Nikafungua mlango nikamweleza habari za bata. Alikaa kitandani akacheka hadi akashika mbavu, akasema Wakenya tumelaaniwa, wenzetu wanakuja Amerika kusoma kompyuta. Lakini asubuhi alinipa soksi zake nene za sufu, zile alizokuwa akizitunza, akasema nisije nikafa baridi kwa ajili ya ndege wa watu.

Tulikwenda Januari, kusini mashariki kabisa mwa Virginia, karibu na mpaka wa North Carolina. Binti yake alikubali kwa sharti kwamba mimi niendeshe na nisimwache peke yake hata nukta moja. Mwenye kibanda alikuwa mtu wa huko, mkimya, mwenye ndevu, aliyewakodishia wawindaji sehemu za kujificha na kukaa nao kama kiongozi. Alinitazama kwa adabu lakini alidhani mimi ni muuguzi tu, nimekuja kumwangalia mzee asianguke. Sikumsahihisha, kwa kuwa hilo nalo lilikuwa kweli.

Kulipopambazuka tulikuwa tumekaa kwenye kibanda cha matete kando ya maji, swani wa bandia wanaelea mbele yetu. Kiongozi alikaa kushoto, mzee katikati, mimi kulia. Mimi sikuwa na bunduki wala kibali, nilikuwa nimekuja kusikiliza. Na ukungu ulikuwa umeshuka. Kiongozi alinong'ona kwamba ni bahati mbaya. Mimi moyoni nilisema huu ninaujua, hapa niko nyumbani.

Kundi la kwanza lilipita mbali, nyembamba, wengi, wa tundra. Hawakukaribia. Tukasubiri. Kisha nikasikia mabawa nyuma yetu, wawili, chini sana, wanakuja bila kulia. Mmoja akalia mara moja tu, kifupi, kutoka kifuani, na mimi nywele zikanisimama kabla akili haijasema kitu. Nikakandamiza mkono wa mzee.

Sasa fikiria makoti aliyovaa. Sijui kama alihisi hata kidogo. Wakati huohuo kiongozi, aliyeona maumbo mawili meupe yakitoka ukunguni kwa umbali mzuri ambao labda hajauona mwaka mzima, akamgonga mzee kiwiko cha kushoto, mara mbili, kumwambia sasa. Mzee akahisi amegongwa mara mbili. Kwa patano letu hiyo ilikuwa ndiyo. Akainuka, goti bovu na vyote, bunduki ikapanda begani taratibu, mtutu wake ukiwafuata wale ndege.

Nilisimama. Mtu hasimami kibandani, hilo nilikuwa nimeambiwa mara elfu. Nilisimama nikapiga kelele, na kilichotoka hakikuwa neno nililojizoeza bafuni. Kilikuwa ule ukelele wa kumrudisha ng'ombe anayeingia kwenye mahindi ya jirani, uliokuwa ukivuka bonde zima la kwetu. Halafu ndipo nikasema hapana, kwa sauti, nikimtazama usoni, mtu wa umri wa baba yangu.

Bunduki ilisimama pale ilipokuwa. Wale ndege wakashtuka, wakakata kona juu ya vichwa vyetu, karibu hivi kwamba niliona miguu yao myeusi, na sasa wote wawili walikuwa wakilia. Honi ya lori, honi ya lori. Mmoja alikuwa na pete pana ya alama shingoni, ile ambayo watafiti huwavisha. Kisha ukungu ukawameza.

Kiongozi alivua kofia, akajikuna kichwa kwa muda. Akasema yeye mwenyewe angepiga. Alimwambia mzee samahani, na mzee hakusikia, kwa sababu alikuwa amenigeukia mimi. Alikuwa ameshatoa risasi kwenye bunduki.

"Umesema nini?" aliniuliza.

"Nimesema hapana."

"Sema tena."

Nikasema tena, polepole, akatazama midomo yangu hadi neno likaisha. Akaketi kwenye benchi akacheka bila sauti, machozi yakishuka, na mimi nikaketi kando yake nikicheka vilevile. Kwetu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile mkuu ndiye aliyesikia la mdogo, na hakuna aliyevunjika.

Ukungu ulipoanza kuinuka lilikuja kundi, wengi, wote wakizungumza kwa pamoja. Nilisikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilimtafuta mgeni kati yao kama nilivyokuwa nikimtafuta ng'ombe wa jirani, sikumpata. Nikavua glavu, nikaingiza mkono ndani ya mkono wa koti lake ili safari hii ahisi ngozi, nikamgusa mara mbili. Alipiga mara moja. Kiongozi alipomleta yule ndege nilimshika mimi, mzito, bado ana joto, na mbele ya jicho kulikuwa na tone la njano dogo kama punje ya mtama. Nilijivuna, na niliona huruma pia, vyote pamoja, na sikuona sababu ya kuchagua. Mzee alinipa lebo niifunge mwenyewe.

Nyama ya yule ndege tuliila Jumapili, binti yake akiwepo. Ni nyekundu, haina tofauti kubwa na ya ng'ombe mzee, na nilimpelekea dada wa Tanga kipande. Akaniuliza kwanza nani amemchinja. Nikamweleza amekufa kwa risasi, akanirudishia sahani kwa heshima zote na kunipa pole kwa niaba ya ndege.

Bunduki hazikuuzwa. Vuli iliyofuata mzee alikwenda ukumbini kama kawaida, nami nikampeleka. Nilidhani nitakaa nyuma na koti lake. Alifundisha midomo, macho, umbo la kichwa, akionyesha picha moja baada ya nyingine. Ilipofika zamu ya sauti akawaambia watu kwamba hilo yeye hawezi tena kuwafundisha, ila amekuja na anayeweza, na akaninyooshea mkono wake. Hakuwa ameniambia kitu. Nilitembea hadi mbele na viatu vyangu vyeupe vya kazini, mwanamke wa Kinandi mbele ya wanaume wenye kofia za kuwindia na ndevu, wengine wakiwa wamekunja mikono.

Nikawaambia wafunge macho. Nikawasha kaseti. Nikawaambia habari za kengele, za ukungu, za kutafuta mgeni kwanza kabla ya kufurahia wenyeji. Nikawaambia kwamba kama hujasikia vizuri, jibu lako ni hapana, na hapana isemwe, isifichwe kwenye kimya, hata kama aliye kando yako ni mkubwa wako. Mtu mmoja akauliza swali, mwingine akauliza, wale waliokunja mikono wakaikunjua. Sikuwa nimewahi kuzungumza Kiingereza muda mrefu hivyo bila mtu kuniambia nirudie.

Mzee alikuwa amekaa kiti cha mwisho kabisa, mbali, taa za nyuma zimezimwa kwa ajili ya picha. Kutoka pale hakuweza kusoma midomo yangu. Niliona kwamba hata hakuwa ananitazama. Alikuwa akitazama nyuso za watu, moja baada ya nyingine, akijifunza kutoka kwao jinsi ninavyofundisha. Walipopiga makofi yeye alichelewa kidogo, kisha akapiga kuliko wote.

Tukarudi kwa gari, mimi nikiendesha, kwenye Route One.

"Niambie ulichosema," alisema. "Chote."

Huwezi kumwambia kitu mtu wa kusoma midomo huku unatazama barabara. Kwa hiyo nilimwambia kwenye taa nyekundu. Kila tuliposimama nilimgeukia, nikampa kipande, ikawaka ya kijani nikanyamaza, naye akangoja. Kipande cha kengele, kipande cha ukungu, kipande cha hapana. Barabara ile ina taa nyingi mno, na nilikuwa nimezilaani kila siku ya maisha yangu pale. Usiku ule nilipoona moja ya mbele yetu bado ya kijani, nilipunguza mwendo.